Shajara ya mradi: kuingia kwenye unukuzi wa kitabibu kupitia fani ya mifupa

Januari 6

Mradi umeanza rasmi leo. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuandika sauti za watu: mahojiano ya watafiti, mikutano ya kampuni, mahubiri, kesi za mahakamani. Malipo yake yanazidi kushuka, maana rekodi safi ya watu wawili wanaozungumza taratibu siku hizi huandikwa na mashine. Hospitali bado zinahitaji sikio la binadamu, ingawa huko nako mambo yamegeuka, nami nitayafikia. Lengo nililojiwekea ni moja: kufika kiwango cha kupita mtihani wa majaribio wa kampuni inayopokea imla za madaktari wa Marekani, yaani ripoti wanazozitamka kwenye kinasa sauti ili mtu aziandike, bila kubahatisha neno hata moja.

Niko na binamu yangu, aliyemaliza stashahada ya kumbukumbu za afya KMTC, chuo cha mafunzo ya kitabibu cha Kenya. Yeye anajua faili la mgonjwa linavyopangwa, mimi nina kasi ya vidole na mazoea ya kusikiliza. Shangazi yetu, muuguzi mstaafu aliyetumikia zaidi wodi ya mifupa, amekubali kutupa jioni zake. Tulikwenda kwake Kisauni, Mombasa, tukamwamkia, tukamweleza mpango wetu wote. Aliuliza jambo moja tu: "Mtaandika ya wodi gani, wanangu?" Binamu akasema tutaandika zote. Shangazi akatikisa kichwa. "Kila wodi ina lugha yake. Mimi nimekaa mifupa miaka yote hiyo, na nikisomewa faili la macho natoka kapa."

Swali lake ndilo lililoupa mradi huu mwelekeo.

Januari 9

Kabla ya kuchagua fani, binamu amenifundisha aina za ripoti. Fani yoyote utakayoshika, nne hazikwepeki: historia na uchunguzi wa mwili mgonjwa anapolazwa, maoni ya daktari bingwa aliyeitwa kumwona, ripoti ya upasuaji, na muhtasari wa kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani. Zikiongezwa ripoti za radiolojia (picha za mwili) na za patholojia (vipande vya mwili vinavyochunguzwa maabara), umeigusa sehemu kubwa ya kazi ya hospitali. Kwenye kliniki utakutana zaidi na maelezo mafupi ya sehemu nne: anachosema mgonjwa, anachokiona daktari, anavyofikiri kuhusu tatizo, na atakachofanya. Mpango huo ulitokana na Lawrence Weed, daktari wa Marekani aliyepigania katika miaka ya 1960 faili la mgonjwa lipangwe kwa matatizo yake badala ya kurundikwa karatasi.

Faida ya kuyajua haya niliiona hapohapo. Ukijua daktari yuko sehemu ya uchunguzi wa mwili, unajua anashuka kutoka kichwani kwenda miguuni, na sikio linatangulia kujiandaa. Neno linalofuata "tumbo ni laini" haliwi kitu chochote tu, lina majirani wachache wanaojulikana.

Januari 14

Leo tumeshinda tukizipitia fani. Tunatumia tovuti ya MTSamples, yenye takriban ripoti 5,000 za mfano katika fani 40, zilizoondolewa majina ya wagonjwa. Tulikuwa tukisoma ripoti chache za fani moja, tunaandika maneno yanayojirudia, tunahamia nyingine.

Radiolojia ina ripoti fupi zenye mpangilio usiobadilika: picha ilipigwaje, inalinganishwa na ipi ya zamani, nini kimeonekana, hitimisho. Ni shule nzuri ya anatomia. Tatizo ni kwamba wataalamu wa picha walikuwa wa kwanza kuhamia kwenye programu za kutambua sauti, kwa hiyo anayeanza leo asiitegemee kwa kipato. Patholojia ni vipimo mtindo mmoja: kipande kina sentimita ngapi kwa ngapi kwa ngapi, rangi gani, kimekatwa vipi. Magonjwa ya akili yana lugha ya kawaida kuliko fani nyingine na ripoti ndefu mno, lakini yanataka uangalifu wa namna yake, kwa sababu maneno ya mgonjwa mwenyewe hunukuliwa jinsi alivyoyatamka na hayasafishwi. Dharura ni kelele, haraka, na kila kitu kwa pamoja. Hapo sitamshauri mtu aanzie.

Kilichonikalia kichwani zaidi ni vifupisho. Chukua herufi tatu, LAD. Daktari wa moyo akizitamka anataja mshipa unaopeleka damu mbele ya moyo upande wa kushoto. Daktari huyohuyo akisoma karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, anaweza kuwa anamaanisha mhimili wa umeme wa moyo ulioelemea kushoto. Daktari wa saratani akipapasa shingo na kusema hakuna LAD, anasema hakuna tezi zilizovimba. RA kwa daktari wa viungo ni baridi yabisi, kwa daktari wa moyo ni chemba ya juu kulia, na kwa muuguzi anayepima oksijeni ni hewa ya kawaida ya chumbani. PT kwa mifupa ni tiba ya mazoezi, kwa maabara ni muda wa damu kuganda. Na kama kampuni inataka kila kifupisho kiandikwe kwa kirefu mara ya kwanza, anayenukuu ndiye anayeamua ni kipi. Asiyeijua fani ataamua kwa kete.

Kwa hiyo hoja ya kushika fani moja kwanza nimeikubali kabisa. Nimeona mafunzo mengi ya mtandaoni yanayompitisha mwanafunzi fani zote wiki moja moja, na naamini yanawapotezea watu muda na ada. Sikio hukomaa kwa kurudia maneno yaleyale hadi uyatambue bila kujitahidi.

Januari 15

Umeme umekatika mchana kutwa. Tumesoma karatasi.

Januari 22

Tumechagua mifupa. Sababu ya kwanza ni shangazi. Ya pili ni kwamba maneno yake yamefungwa kwenye kitu unachoweza kukigusa: unashika goti lako mwenyewe, unataja kila kinachounda kiungo kile. Ya tatu, upasuaji wake hujirudia. Goti la bandia, nyonga ya bandia, kifundo cha mguu kilichovunjika, mkono wa mtoto aliyeanguka mwembeni. Madaktari hubadilika, hatua ni zilezile.

Njia yetu ya mazoezi iko hivi. Sauti halisi za wagonjwa hatuna na hatuzitaki, si haki yetu. Tunachapisha ripoti ya mfano, shangazi anaisoma mbele ya simu kama daktari mchovu mwisho wa siku: anakimbia, anameza maneno, anatamka nukta na aya mpya kwa sauti, anasema "futa hiyo" na kuanza tena. Mimi na binamu tunaandika bila kuiona karatasi, kisha tunalinganisha neno kwa neno. Anaifanya kwa moyo wote. Jana alisoma ripoti ya kifundo cha mguu huku akitafuna karanga, akatuambia madaktari wake walikuwa wakizungumza hivyohivyo.

Tatizo ni lafudhi: shangazi ni Mmombasa, na madaktari tutakaowasikia hutoka kila pembe. Kwa hilo tumepakua mazungumzo 57 ya kuigiza kati ya madaktari na wagonjwa, yanayoitwa PriMock57, ambayo watafiti wa Uingereza waliyaweka wazi mwaka 2022. Hayo ni mazungumzo na si imla, lakini sikio linanoleka.

Kwa maneno tunaanza na vipande vyake. Mwisho "-otomy" ni kukata kufungua. "-ostomy" ni kutoboa tundu litakalobaki wazi. "-ectomy" ni kukata na kuondoa kabisa. Mtu aliyefanyiwa "gastrotomy" mfuko wake wa tumbo ulifunguliwa, wa "gastrostomy" ana mrija wa kulishiwa, wa "gastrectomy" hana mfuko wa tumbo, au amebaki na sehemu yake. Sauti zinatofautiana kwa silabi moja. Binamu amebandika orodha ya vipande hivi ukutani, mbele za watu kabisa, na wageni wanauliza.

Februari 2

Wiki hii yote imekuwa ya maneno pacha. "Ilium" ni mfupa wa nyonga, "ileum" ni mwisho wa utumbo mwembamba, na yanatamkwa sawa. "Peroneal" ni neva ya pembeni ya mguu, "perineal" ni sehemu ya kati ya mapaja. Kunyoosha mkono kwenda mbali na mwili ni "abduction", kuurudisha ni "adduction", na daktari mwenye huruma hutamka zile herufi mbili za kwanza moja moja ili usikosee. Dawa ndizo za kuogopwa zaidi. Celebrex ni ya maumivu ya viungo, Celexa ni ya sonona, Cerebyx ni ya degedege. Kwa fani ya mifupa utaisikia Celebrex mara nyingi mno, na hapo ndipo hatari ilipo: siku mgonjwa wa goti atakapokuwa anatumia Celexa kweli, mkono utakuwa umeshazoea kuandika ile nyingine.

Nambari nazo. Uzi wa kushonea huitwa "tu-o" na huandikwa 2-0, si 20 wala 2.0. Sufuri zikizidi, uzi unazidi wembamba, kwa hiyo 4-0 ni mwembamba kuliko 2-0, na daktari wa mifupa akitaja 4-0 mara nyingi yuko kwenye ngozi anamalizia. Ukijua hilo unajua pia alipofika kwenye ripoti. Kwa dozi, sheria ni ngumu na nzuri: nusu miligramu huandikwa 0.5, sufuri ikitangulia. Miligramu tano huandikwa 5, isifuatwe na nukta na sufuri. Kifupisho U cha yuniti hakiruhusiwi, kwa kuwa kikiandikwa ovyo husomeka kama sufuri. Yote haya yamo kwenye orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku ambayo Joint Commission, chombo kinachozithibitisha hospitali za Marekani, ilianza kuitumia mwaka 2004.

Nilimsomea binamu kisa cha Alabama. Mwaka 2008 mgonjwa alitoka hospitali kwenda kituo cha uangalizi. Daktari alikuwa ameimla yuniti 8 za insulini aina ya Levemir. Unukuzi ulifanyiwa India, na kwenye karatasi ikaja 80. Mgonjwa alipewa 80, akafa. Mwezi Desemba 2012 baraza la mahakama liliamua familia ilipwe dola milioni 140. Shangazi alisikiliza kutoka jikoni, akaja akasimama mlangoni. "Nani alisikia vibaya, na nani alisoma themanini akachoma bila kuuliza?" Ni swali la muuguzi, nami nalikubali. Hata hivyo, sehemu yetu ni ile ya kwanza.

Tokea hapo tumekubaliana kanuni ya nyumba hii: neno lisilosikika linaachiwa nafasi. Unaweka mstari mtupu, unaandika dakika na sekunde, unaeleza kinachosikika kama nini, unaendelea. Ukisikia themanini kwa dawa ambayo dozi yake haifiki huko, unaandika ulichosikia na unaweka alama daktari aitazame. Hatusahihishi dozi kimyakimya. Nafasi tupu humchukua mkaguzi dakika moja kuijaza. Neno la kubahatisha hakuna atakayelitilia shaka, kwa vile limekaa pale kama mengine.

Februari 11

Vifaa. Pedali ya mguu ya USB imefika, mitumba lakini nzima. Katikati unacheza, pembeni unarudisha nyuma au kupeleka mbele, na mikono haiondoki kwenye kibodi. Programu ya kusikilizia ni Express Scribe. Nimeipanga ili kila ninapoachia mguu sauti ijirudishe kidogo, nisipoteze neno la mwanzo. Hedifoni ni zile za kufunika sikio zima, maana mtaa wetu una karakana ya kuchomelea.

Malipo ya fani hii kwa kawaida huhesabiwa kwa mstari, na mstari ni herufi 65 pamoja na nafasi, haijalishi unaonekanaje kwenye skrini. Kwa hiyo programu ya vifupisho ni fedha. Ile sentensi ya mgonjwa kusafishwa na kufunikwa vitambaa kabla ya kisu, iliyomo karibu kwenye kila ripoti ya upasuaji, mimi naiita kwa herufi tatu na inajiandika yote. Tahadhari: usifupishe kitu chenye nambari, upande wa mwili, au jina la dawa. Hivyo viandikwe kwa mkono, herufi kwa herufi, kila mara.

Februari 20

Sasa lile la mashine.

Binamu amekuwa akiniuliza kama tunajifunza ufundi uliokwisha. Takwimu za ajira za serikali ya Marekani zinatabiri kazi hii itaendelea kupungua, na Microsoft walipoinunua Nuance, watengenezaji wa Dragon Medical, programu ya kugeuza sauti ya daktari kuwa maandishi, mwaka 2022, hawakutoa dola bilioni 19.7 kwa mapenzi ya kuandika kwa mkono. Kazi nyingi zinazotangazwa leo ni za kuhariri: mashine inasikia kwanza, mtu anafuata nyuma na kurekebisha.

Lakini nimesoma utafiti uliotoka kwenye jarida la JAMA Network Open mwaka 2018. Walichukua ripoti 217 zilizoimlwa. Maandishi ya mashine kabla hayajaguswa yalikuwa na makosa kwenye asilimia 7.4 ya maneno. Yalipopita kwa wanukuzi yakashuka hadi asilimia 0.4. Madaktari walipotia saini yalikuwa 0.3. Yaani karibu usafi wote ulifanywa na mtu wa katikati, yule asiyetajwa mahali popote kwenye ripoti. Nilimwekea binamu asilimia hizo tatu mbele yake, akazitazama muda mrefu.

Kuhariri ni kugumu kuliko watu wanavyodhani. Ukiandika mwenyewe, kila neno limepita sikioni kwako. Ukihariri, jicho linaona sentensi nzuri iliyonyooka na linataka kuiamini. Mwaka 2024 watafiti waliopima Whisper, programu ya kuandika sauti, waliona kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti iliongeza maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema. Mashine haiachi nafasi tupu, na ndiyo tofauti kubwa kati yake na mnukuzi mwaminifu. Kwa hiyo zoezi jipya: naipa programu sauti ya shangazi, inaandika, halafu tunakimbizana na binamu nani atakamata makosa mengi zaidi. Anayesikiliza bila kuangalia skrini kwanza, kisha ndio asome, hukamata zaidi. Tumeifanya ndiyo njia yetu.

Anayetaka kazi hii ajifunze kuandika kwanza, kuhariri baadaye. Kinyume chake sikioni hakuingii kitu.

Machi 3

Siku ya mikataba na usiri. Marekani wanaongozwa na HIPAA, sheria ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za wagonjwa, na kanuni zilizotoka 2013 zinamfikia hata mkandarasi mdogo wa mwisho kwenye mnyororo. Huku kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kwa vitendo: kompyuta ya kazi haitumiwi na watoto, diski imefungwa kwa nywila, hakuna faili kwenye WhatsApp, hakuna kuandika ukiwa saibakafe, na kazi ikikabidhiwa sauti inafutwa.

Mnyororo wa mawakala ndio unaonitia wasiwasi. Mwaka 2003 kazi ya hospitali ya chuo kikuu cha California kule San Francisco ilipita mikono kadhaa hadi kwa mnukuzi aliyekuwa Pakistan. Hakulipwa, akatishia kuyaweka mafaili ya wagonjwa kwenye intaneti. Alichotishia ni kibaya, na aliyemdhulumu naye alifanya ubaya. Mimi sichukui kazi ya mtu ambaye hawezi kunionyesha mkataba wake na aliye juu yake. Na anayetaka ada ili akupe kazi, muache aende zake.

Cheti pia tumekijadili. Chama cha wanataaluma wa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1978 na kubadili jina kuwa AHDI mwaka 2007, ndicho kilichoweka mitihani ya RHDS kwa wanaoanza na CHDS kwa waliobobea. Kwa sasa kampuni tunazolenga zinaangalia mtihani wao wenyewe, basi fedha yetu tumeiweka kwenye kamusi nzuri ya kitabibu na kitabu cha dawa.

Machi 12

Nimefanya mtihani. Kazi huja usiku, kwani daktari wa New York akimaliza upasuaji saa tisa alasiri kwake huku ni saa nne au saa tano ya usiku kutegemea majira yao, mtaa umetulia na karakana imefungwa. Niliifungua sauti: goti la bandia. Hatua zote nilizijua, uzi nilijua unakuja wapi.

Katikati kukawa na jambo. Kichwa cha ripoti daktari alisema goti la kushoto. Alipofika kwenye mkato wa ngozi akasema la kulia. Baadaye kushoto tena hadi mwisho. Nilirudisha nyuma nikasikiliza hadi nikawa na hakika sikio langu halina kosa. Nikaandika kulia pale aliposema kulia, nikaweka alama na dakika yake, nikaeleza kwamba sehemu nyingine zote zinasema kushoto. Niliacha pia nafasi tupu mbili, moja ya jina la kifaa, nyingine ya neno lililomezwa na kikohozi.

Machi 19

Jibu limekuja. Wanataka usahihi wa asilimia 98 na nimeuvuka. Mkaguzi ameandika kwamba mgongano wa kulia na kushoto ulikuwa umewekwa makusudi, na wengi huurekebisha wenyewe bila kumwambia mtu. Jina la kifaa amelijaza, neno la kikohozini hata yeye hakulipata. Nitaanza na ripoti za mifupa peke yake, nusu kuandika na nusu kuhariri, zikikaguliwa zote kwa kipindi cha mwanzo. Binamu anafanya mtihani wake wiki ijayo.

Fani ya pili itakuwa moyo. Manung'uniko ya moyo, yaani sauti za ziada ambazo ukubwa wake husemwa "mbili juu ya sita", vali, mishipa, dawa za presha zenye majina ya kufanana. Shangazi anasema hapo yeye hawezi kutusomea, lakini anamjua mwenzake waliyestaafu pamoja aliyekuwa wodi ya moyo, naye anakaa Changamwe. Jumamosi anatupeleka.